Kwenda Kitwe Kuulizia Habari za WITCH

Sisi wakazi wa Dar es Salaam tumeizoea Zambia kwa mizigo yake. Shaba yake hupakiwa melini bandarini kwetu, malori yake huijaza barabara ya Morogoro usiku na mchana, na mafuta yake husafiri chini ya ardhi katika bomba linaloanzia Kigamboni na kuishia Ndola. Lakini ukimsimamisha mtu Kariakoo ukamwuliza Wazambia huimba nini, yamkini atatabasamu na kukuomba umwulize swali jingine. Ilhali katika miaka ya 1970, kwenye miji ya migodi iliyo huko mwisho wa bomba hilo, walikuwako vijana waliopiga magitaa ya umeme kwa ukali na kwa ufundi mkubwa, hata leo, baada ya nusu karne, wako watu wa Ulaya na Marekani wanaozinunua santuri zao kuukuu kwa fedha zinazozidi mshahara wa mwezi wa mwalimu wa kwao au wa kwetu. Mashuhuri kupita wenzao wote walikuwa vijana wa Kitwe waliojiita WITCH, herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza ya kutangaza kwamba wamekusudia kuzusha vurumai. Ni kwa ajili yao nilifunga safari, nami niliazimia kwenda kwa reli wala si kwa ndege, maadamu nilikwisha kuwa na dhana moyoni kwamba habari ya muziki huo haikuanzia Kitwe, bali imelala njiani, kituo kwa kituo.

Reli ya TAZARA ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Ilijengwa kwa mkopo wa China kuanzia mwaka 1970, ikakabidhiwa kwa serikali mbili mwaka 1976, na sababu ya kujengwa kwake inaingia moja kwa moja katika hadithi yetu. Zambia haina pwani. Shaba yake ilikuwa ikipitia kusini, katika nchi zilizotawaliwa na walowezi, na rais Kenneth Kaunda, aliyewaunga mkono wapigania uhuru wa nchi hizo, hakuweza kulala usingizi mnono huku njia ya riziki ya taifa lake imeshikwa na mahasimu wake. Mwaka 1973 mpaka wa Zambia na Rhodesia ulifungwa. Vijana wa WITCH walikuwa ndio kwanza wanaanza kutajwa, na kila waya wa gitaa, kila kipaza sauti, kila taa ya redio iliyoungua, ilipaswa kuagizwa kutoka nje na kuzunguka bara zima kabla ya kufika mikononi mwao.

Kuhusu mwanzo wa safari sina mengi ya kusema ambayo wasafiri wengine hawajayasema. Gari liliondoka kwa kuchelewa, likapita bonde la Kilombero gizani, na kulipokucha lilikuwa likipanda kwa subira kutoka Mlimba kuelekea Makambako, sehemu iliyowatoa jasho wajenzi kupita sehemu zote, likitoka katika pango moja na kuingia katika jingine huku ukungu ukining'inia juu ya mito iliyo chini sana ya madirisha yetu. Wafanyabiashara wa Tunduma walipatana bei ya vitenge wakiwa wamekaa vitandani. Mpakani waliingia wabadilisha fedha na mabunda yao, na toka hapo Kiswahili kikaanza kupungua behewani kidogo kidogo, kikikipisha Kibemba kwa adabu, hata kikabaki kwa wale tu waliokuwa na jambo la kununua au kuuza.

Nilipofika Kasama nilisimama dirishani kwa muda mrefu. Upande huo wa kaskazini ndiko alikozaliwa Emmanuel Chanda, mwaka 1951, mtoto aliyechukuliwa kwenda kulelewa na kaka yake katika mji wa migodi wa Kitwe, na ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kwa jina la Jagari, jina walilompa mashabiki kwa kulifanya la Kiafrika jina la Mick Jagger wa Rolling Stones. Lakini Kasama ina habari nyingine iliyo kongwe kuliko hiyo. Mwezi Novemba 1918, jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck, likiwa limefukuzwa kutoka Tanganyika hadi Msumbiji na kuibukia huku, liliuteka mji huo. Na kwenye mto Chambeshi, ambao reli yetu huuvuka, ndipo habari zilipomfikia kwamba vita vimekwisha Ulaya siku chache zilizopita. Askari wake walikuwa Waafrika. Askari waliokuwa wakimwandama kwa upande wa Waingereza walikuwa Waafrika. Pande zote mbili zilipeana amri na kuombana tumbaku kwa Kiswahili, na pande zote mbili zilikuwa na ngoma moja, nayo ni beni.

Msomaji wa pwani hahitaji kufundishwa beni ni nini, ila huenda asijue ilifika umbali gani. Ngoma hiyo ilizuka katika miji yetu, Lamu na Mombasa, katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa, pale vijana walipowatazama wanamaji na askari wa Kizungu wakipita na tarumbeta zao, wakaona kwamba fahari ile haina sababu ya kuwa ya Wazungu peke yao. Wakavaa sare, wakapanga safu, wakajipa vyeo vya Kingi na Jenerali na Daktari, wakatunga nyimbo za kutukanana na kusifiana, na Tanganyika wakagawanyika Marini na Arinoti, wakashindana hata watu wakafilisika kwa karamu. Vita vya kwanza vya dunia viliichukua ngoma hii mabegani mwa maaskari na wapagazi hadi Kasama, na wanaume wa Kibemba na Kibisa walipoanza kushuka kwenda kuchimba shaba walishuka nayo. Migodi ya Mufulira, Nkana na Roan Antelope ilipogoma mwaka 1935 kwa ajili ya kodi, na watu sita wakapigwa risasi wakafa huko Luanshya, tume ya serikali iliyochunguza chanzo cha mgomo iliwahoji mashahidi juu ya chama cha mbeni, yaani beni hiyo hiyo, kwa kushuku kwamba wacheza ngoma ndio waliopeleka habari za mgomo kutoka mji hadi mji. Miaka ishirini baadaye msomi mmoja, Clyde Mitchell, aliandika kitabu juu ya kalela, ngoma ya vijana wa Kibisa wa Luanshya, nao bado walikuwa na Kingi wao, na Daktari wao, na mwanamke aliyevaa mavazi meupe ya muuguzi.

Hii ndiyo hoja niliyokuja nayo, na kadiri gari lilivyosonga mbele ndivyo ilivyozidi kunikaa. Watu husema kwamba vijana wa Kitwe waliwaiga Wazungu, na wasemao hivyo huona wamemaliza maneno. Mimi naona waliifanya kazi ile ile ya babu zao. Walitwaa chombo kilichokuwa alama ya enzi ya wengine, wakakishika mpaka kikawasikiliza, wakasema nacho mambo ambayo mwenye chombo hakuyafikiri kamwe. Jagari na gitaa la umeme la mwenzake, na yule kijana wa Lamu aliyeshika tarumbeta mbele ya ukuta wa chokaa, hao ni wa ukoo mmoja.

Kabla ya Kapiri gari hupita Mkushi. Huko aliuawa Alick Nkhata, mwezi Oktoba 1978, majeshi ya Rhodesia yalipozishambulia kambi za wapigania uhuru zilizokuwa jirani na shamba lake. Nkhata alikuwa mwimbaji na mtangazaji aliyewafundisha watu wa nchi yake kwamba wimbo wa mjini unaweza kuimbwa kwa lugha ya nyumbani na gitaa, na alifanya hivyo kupitia kituo cha redio cha Lusaka kilichowatangazia Waafrika tangu miaka ya arubaini. Mwaka 1949 kituo hicho kilipatiwa msaidizi wa ajabu: redio ndogo ya betri, ya duara, iliyopakwa rangi ya buluu, ambayo bweta lake lilitokana na umbo la sufuria isiyo na mkono, ikauzwa kwa pauni tano ili mchimbaji wa kawaida aweze kuinunua. Maelfu waliinunua. Kwa hiyo watoto waliozaliwa katika nyumba za migodi katika miaka ya hamsini, kina Jagari na wenzake, walikua redio imo chumbani. Waliwasikia Nkhata na wapiga gitaa wa Katanga na, kadiri mawimbi yalivyoruhusu, stesheni za mbali zilizoleta James Brown, Hendrix na Rolling Stones. Mchimbaji wa Kitwe wa zama hizo alikuwa na mshahara wa kila mwezi na umeme, mambo mawili ambayo muziki huu haungeweza kuwapo pasi nayo.

Kutoka Kapiri Mposhi nilipanda basi, nikapita Ndola, nikaingia Kitwe jua likielekea kuchwa. Ni mji wa barabara pana zilizopandwa mijakaranda, uliopangwa na watu waliotaraji kukaa milele, na nyuma ya mijakaranda hiyo, upande wa Wusakile, umelala mlima mweusi wa makapi ya shaba, yaliyomwagwa hapo na viwanda vya kuyeyushia kwa miongo mingi hata yakawa kilima halisi, chenye miteremko na mabonde yake. Vijana hupanda kuchokoa mabaki ya madini. Nilifika karibu nao nikaokota jiwe moja; lilikuwa jepesi kuliko nilivyotazamia, upande mmoja laini na wenye kung'aa, upande wa pili umejaa matundu, na lilinichafua vidole kwa weusi usiotoka upesi kwa sabuni.

Mwenyeji wangu alikuwa mstaafu wa reli, mtu wa umri wa Jagari, aliyeishi Mbeya kwa kazi na kurudi na Kiswahili kizuri chenye lafudhi ya huko. Nilimwamkia shikamoo, naye akaipokea marahaba kwa furaha ya mtu aliyekumbushwa ujana wake, kisha akaniambia kwamba hapa Kitwe nitafute namna ya kusema "mulishani, bashikulu" kama nataka watu wanifungulie milango. Nilipomweleza nililojia alicheka, akaenda chumbani, akarudi na santuri mbili zilizofungwa katika gazeti.

"Hizi hazichezwi tena, baba," alisema. "Sindano ya mashine yangu imekwisha. Lakini muziki wake ninao katika simu, mjukuu wangu kaniwekea."

Basi tukakaa barazani tukisikiliza simu, santuri zimelala magotini petu, na kila alipotaka kunionyesha jambo alikuwa akigusa jalada kwa kidole kana kwamba sauti inatoka humo. Moja ilikuwa Lazy Bones!!, ya mwaka 1975. Nataka niueleze muziki wake, maana wengi wa wasomaji wangu hawajausikia. Gitaa la mbele hupitishwa katika kanyagio la umeme ambalo wapigaji huliita fazi, nalo huikwaruza sauti mpaka ikawa kama bati linalopasuliwa, na kisha kanyagio jingine huifungua na kuifumba sauti hiyo hiyo hata ikawa na midomo; chini yake besi haitulii, inatembea na kuzunguka, inajibu; ngoma za Kizungu zinapigwa kwa mkono ambao dhahiri umeshawahi kupiga ngoma nyingine; na juu ya yote hayo sauti ya Jagari inaimba Kiingereza bila haraka, si sauti kubwa, wala haijisifu. Studio ilikuwa na vifaa vichache, na uchache huo unasikika. Hakuna pazia baina ya msikilizaji na chumba kile. Mwenyeji wangu alifumba macho katika kipande kimoja cha gitaa akataja jina la mpigaji, Chris Mbewe, aliyeitwa Kims, kwa taadhima ambayo wengine huitumia kumtaja shehe aliyewafundisha.

Wengine walikuwa Gedeon Mulenga kwenye besi, John Muma kwenye gitaa la kati, na Boidi Sinkala kwenye ngoma. Kama vikundi vyote vya zama zao walianza kwa kukopi nyimbo za wageni katika kumbi za starehe zilizojengwa na makampuni ya migodi, na ufundi wa kukopi ulipimwa kwa ukamilifu wake: mwenyeji wangu alikumbuka watu waliokuja ukumbini kwa nia ya kumkamata mpigaji akikosea noti. Maonyesho yalianza jioni yakaendelea hadi baada ya usiku wa manane. Waliokosa nafasi au fedha walipanda kuta, polisi waliitwa, na Jagari, ambaye sasa ni mzee mpole wa maneno, alikuwa akirukaruka jukwaani kwa namna iliyowafanya akina mama wa makanisani wamtolee mifano mibaya. Santuri yao ya kwanza, Introduction, waliitoa wenyewe mwanzoni mwa miaka hiyo ya sabini, wakiiuza kwa mikono yao katika maonyesho, nayo huhesabiwa miongoni mwa santuri ndefu za kwanza kabisa kutolewa na kundi la Zambia. Mwaka 1974 ikafuata In the Past. Baada ya Lazy Bones!! walitoa Lukombo Vibes, mwaka 1976, ambayo ndani yake midundo ya nyumbani imekaribishwa mezani waziwazi. Walizunguka Malawi, Botswana na nchi nyingine za jirani, na kundi la Osibisa lilipokuja Zambia, WITCH ndio waliolitangulia jukwaani.

Hawakuwa peke yao. Amanaz walitoa santuri yao Africa mwaka 1975. Paul Ngozi na jamaa zake waliimba vituko vya mjini kwa Kinyanja huku magitaa yakinguruma. Walikuwako Keith Mlevhu, na Chrissy Zebby Tembo, na wengine wengi. Mtangazaji Manasseh Phiri ndiye anayetajwa kuupa muziki huo wote jina la Zamrock. Kaunda naye aliingilia kati kwa njia yake. Mwenyewe alikuwa mpiga gitaa, na katikati ya miaka ya sabini aliagiza kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Wazambia. Wako wanaoisifu amri hiyo kana kwamba ndiyo iliyozaa muziki. Mwenyeji wangu alikataa, akasema vijana walikwisha kutunga nyimbo zao wenyewe kwa kuwa kukopi kulianza kuwachosha, na amri ya rais iliwafungulia tu mlango ambao walikuwa tayari wameusimamia. Naikubali kauli yake. Amri inaweza kumlazimisha mtangazaji, lakini haiwezi kumfundisha kijana namna ya kulitafutia gitaa sauti yake.

Asubuhi yake alinipeleka soko la Chisokone, lililotanda kando ya reli ya zamani. Pale, katika vichochoro vya viatu na simu, nilirudishiwa Kiswahili, maana wafanyabiashara wengi ni Wakongomani wa Katanga, ambako mpaka ni wa jana tu na shaba ni ile ile. Mama mmoja aliyeuza vitenge alinikaribisha kwa "karibu, papa", na nilipomwuliza kama anamjua Jean Bosco Mwenda aliitikia kwa kuimba, akichezesha vidole hewani kuonyesha namna gitaa lilivyokwenda. Bosco alirekodiwa na mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, mapema katika miaka ya hamsini, akiwa kijana bado, akaimba kwa Kiswahili cha migodini juu ya gitaa moja lisilo na umeme, na rekodi zake zikasambaa hadi Nairobi na Lusaka. Kwa hiyo kabla ya gitaa la migodi kuzungumza Kiingereza cha WITCH lilikuwa limezungumza lugha yetu. Sisi wa pwani tulileta beni kutoka mashariki, na Kiswahili cha Katanga kikaleta gitaa kutoka kaskazini, na njia hizo mbili zilikutana katika nyumba hizi hizi za wachimbaji. Nilisimama pale sokoni nikiwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza mama yule kikamilifu, ila nilinunua doti mbili.

Nairobi nayo ina sehemu yake. Musi-O-Tunya, kundi lililojipa jina la maporomoko makuu ya Zambezi, lilikwenda Kenya mwanzoni mwa miaka ya sabini likaishi na kufanya kazi huko, chini ya Rikki Ililonga na Derick Mbao, kwa kuwa Nairobi wakati ule ilikuwa na studio, na mitambo ya kuchapa santuri, na vilabu vya usiku vilivyolipa. Santuri yao Wings of Africa, ya mwaka 1975, ilitokana na miaka hiyo ya ugenini. Ndani yake kuna tarumbeta na ngoma za mikono zikigombea nafasi na gitaa la roki, na msikilizaji wa Afrika Mashariki hawezi kuisikia asitambue upepo wa kwao.

Kuanguka kwa muziki huo kulikuwa na sababu nyingi, na zote zilifika pamoja. Bei ya shaba ilishuka katika miezi michache kutoka kileleni mwaka 1974 hadi chini ya nusu yake, na serikali iliyokuwa imechukua asilimia 51 ya migodi tangu mwaka 1969 ikajikuta imeshika mkono mtupu. Mwaka 1975 vita vya Angola vikaifunga reli ya Benguela. Fedha za kigeni zikaadimika, kisha mishahara ikakonda, na mchimbaji aliyekuwa akilipa kiingilio kila Jumamosi akawa anahesabu unga. Rhodesia ilipoanza kushambulia ndani ya Zambia, ikawa miji huzimwa taa na watu huamriwa kukaa majumbani usiku, na muziki ambao maisha yake yalikuwa ya saa mbili usiku hadi saa nane ulikosa saa za kuishi. Zikaja kanda za kaseti zilizonakiliwa bila idhini, ikaja disko, ambayo mwenye ukumbi aliipenda kwa kuwa mtu mmoja na sahani mbili ni rahisi kuliko watu watano na vipaza sauti vyao. Jagari aliondoka kundini mwaka 1977, mwaka wa santuri ya Including Janet, akashika ualimu. Wenzake waliendelea bila yeye, wakamwingiza mpiga kinanda kijana, Patrick Mwondela, wakaelekea huko huko kwenye disko, mpaka miaka ya themanini ilipowachosha.

Kisha ukaja UKIMWI. Mwenyeji wangu alipofika hapa alizitaja sehemu za makaburi badala ya majina. Zambia ilipoteza watu wa kizazi hicho kwa idadi ambayo haiwezi kusimulika barazani, na wanamuziki walikuwa miongoni mwa wa mwanzo. Kims, Mulenga, Muma na Sinkala wote wamekwenda, na katika wale wa awali amebaki Jagari peke yake. Naye kwa miaka mingi riziki yake aliitafuta machimboni, si katika shaba bali katika vito, akichimba kwa mikono na kwa matumaini, mcha Mungu aliyeokoka, ambaye vijana wa Lusaka walipishana naye njiani pasipo kumtambua. Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Mtoto wa mji wa migodi aliyeepuka shimo kwa gitaa, alipozeeka, shimo lilimwita na akaenda.

Waliomtafuta walikuwa wageni. Kampuni moja ya Marekani, Now-Again, ilizikusanya santuri zote za WITCH ikazitoa upya mwanzoni mwa miaka ya 2010. Baadaye Mtaliano Gio Arlotta akamfuata Jagari kwa kamera, na filamu yake ikaonyeshwa mwaka 2019. Kundi likaundwa upya, safari hii likiwa na vijana wa Kiholanzi pamoja na Wazambia, na Mwondela akirejea kwenye kinanda, likazunguka Ulaya na Marekani, mbele ya watu ambao hata wazazi wao hawakuwa wamekutana Jagari alipopanda jukwaani kwa mara ya kwanza. Mwaka 2023 wakatoa Zango, albamu mpya iliyorekodiwa Lusaka, na humo Kibemba kimepewa nafasi ambayo Jagari kijana hakuthubutu kukipa. Nawashukuru wageni hao kwa moyo mmoja. Pasipo wao mjukuu wa mwenyeji wangu hangekuwa na kitu cha kumwekea babu yake katika simu. Lakini naumia pia, kwa sababu kazi ya kutafuta, kuuliza, kufuta vumbi na kumlipa mzee stahili yake ilikuwa yetu, sisi majirani wa reli moja, na tuliiacha mpaka mtu akavuka bahari kuja kuifanya.

Nilipomwambia mwenyeji wangu hayo, hakuyapokea kama malalamiko. Aliniuliza kwa utulivu kwa nini nimekuja Kitwe kuuliza habari za Musi-O-Tunya ilhali wao walikaa Nairobi, ambako ni karibu na kwetu, na ambako bila shaka wapo waliowasikia vilabuni, waliowapikia chakula, waliowapangishia vyumba, na mafundi wa studio walionasa sauti zao katika sahani. Watu hao leo wana umri wa miaka sabini na themanini. Hawajaandikwa popote ninapopajua. Nimekwisha kuandika barua mbili kwa jamaa wa Pangani na Eastleigh, huko huko Nairobi, kuwaomba wawaulizie wazee wa mitaa hiyo, na ye yote anayesoma makala haya ambaye mzazi wake alicheza, alipiga, au aliuza tikiti katika vilabu vya Nairobi kati ya mwaka 1970 na 1976, namsihi akae naye wiki hii, amwulize majina, na ayaandike.